Motifu Zinazojirudia katika Shairi la Majira ya Baridi

1. Utangulizi

Nilipokuwa mwalimu mwanafunzi katika mazoezi ya kufundisha, niliingia darasani siku moja na shairi la kigeni lililokuwa likinipendeza sana. Nililisimulia kwa lugha ya nathari, kisha nikaandika ubaoni maneno matatu: theluji, giza, usingizi. Mbele ya kila neno niliandika neno moja tu: kifo. Wanafunzi walinakili, nami nikadhani kazi imekwisha. Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma aliponyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, ikiwa vyote hivyo ni kifo, mbona yule mtu anauona msitu kuwa mzuri? Na mbona anakumbuka ahadi zake?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba swali lake tutalitazama kipindi kijacho. Na kipindi hicho kilipofika, nikaanza somo jingine.

Kosa langu halikuwa kuchagua shairi gumu. Lilikuwa kosa la njia. Nilizing'oa taswira kutoka mahali pake, nikazipanga kama orodha ya msamiati, kila moja na maana yake, na shairi lenyewe nikaliacha nje ya mlango. Makala haya yanakusudia kuonyesha njia nyingine: kwamba maana ya jambo linalojirudia katika shairi haikai ndani ya jambo hilo peke yake. Hupatikana kwa kutazama linarudi wapi, linarudi pamoja na nini, na limebadilika vipi linaporudi. Ni jibu kwa msichana yule, ingawa limechelewa.

2. Motifu ni nini?

Tusianze na fasili ndefu. Motifu ni jambo, kitu, sauti au tendo linalorudi mara kwa mara katika kazi ya fasihi hata msomaji akalitambua kuwa si la bahati tu. Mtungaji hakulitaja mara moja na kulipita. Amelirudia kwa sababu.

Ni vyema mwalimu atofautishe motifu na takriri. Takriri ni kurudiwa kwa neno au fungu lile lile la maneno. Motifu yaweza kurudi bila neno lake kurudi. Mtunzi akitaja baridi katika ubeti wa kwanza, maji yaliyoganda katika wa pili, na chembe za theluji katika wa tatu, hakurudia neno hata moja, lakini motifu ni ile ile. Mwanafunzi anayetafuta maneno tu hataiona.

Motifu pia si dhamira. Dhamira ni jambo kuu ambalo shairi linalizungumzia. Motifu ni mojawapo ya nyuzi zinazolifuma. Mtu akiutazama uzi mmoja wa mkeka hawezi kusema nakshi yake ni ipi. Sharti autazame unavyopita juu na chini ya nyuzi nyingine.

3. Shairi na mtunzi wake

Shairi tutakalolitumia ni la Mmarekani Robert Frost, liitwalo kwa Kiingereza "Stopping by Woods on a Snowy Evening", yaani habari ya mtu aliyesimama kando ya msitu jioni ya theluji. Frost alizaliwa mwaka 1874 mjini San Francisco na kufariki mwaka 1963 mjini Boston. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, ambako alipata pia kuwa mkulima na mwalimu. Shairi hili lilichapishwa mwaka 1923, na mwaka huo huo likaingia katika kitabu chake kiitwacho New Hampshire.

Jambo moja la historia litampa moyo mwalimu ambaye hajawahi kuiona theluji: Frost aliliandika shairi hili mwezi Juni 1922, katikati ya majira ya joto ya huko kwao, baada ya kukesha usiku kucha akiandika shairi jingine refu. Hakukuwa na theluji dirishani. Ilikuwa katika kumbukumbu na katika fikra zake. Kumbe hata mtunzi mwenyewe aliijenga baridi yake kwa maneno.

Kisa chake ni kifupi. Mtu anasafiri na farasi wake mdogo jioni ya baridi. Anafika penye msitu ambao anadhani anamjua mwenyewe. Nyumba ya mwenye msitu iko kijijini, kwa hiyo hatamwona. Anasimama kutazama theluji ikiujaza msitu. Farasi anaelekea kushangaa kusimama mahali pasipo na nyumba ya mkulima karibu, kati ya msitu na ziwa lililoganda, katika jioni iliyo na giza kuliko zote za mwaka. Anatikisa kengele zake kama anayeuliza iwapo pana kosa. Zaidi ya kengele hizo, kinachosikika ni upepo mwanana na theluji inayoanguka. Msitu unapendeza, una giza na kina. Lakini msafiri ana ahadi za kutimiza, na safari ndefu kabla ya kulala. Shairi linamalizika kwa kuutamka mshororo huo wa safari na usingizi mara mbili.

4. Theluji ieleweke kwanza

Motifu haiwezi kufanya kazi kwa msomaji asiyekijua kitu chenyewe. Hapa walimu wengi hukimbilia njia ya mkato: huibadili theluji ikawa mvua, wakisema, "Ni kama masika yetu." Kufanya hivyo ni kuliua shairi. Mvua ikinyesha juu ya bati, mwalimu hulazimika kunyamaza mpaka ipite. Theluji huanguka bila kishindo. Mvua hutiririka na kwenda zake. Theluji hubaki, ikaongezeka, ikafunika njia, majani na nyayo. Shairi zima limesimama juu ya ukimya huo na kujaa huko.

Wala barafu ya jokofu haitoshi, kwa kuwa barafu ni ngumu na nzito. Frost anazifananisha chembe za theluji na manyoya laini ya ndege. Zana nzuri tunayo katika sehemu nyingi za nchi yetu: sufi. Tumbua tunda kavu la msufi, simama juu ya kiti, na uiachie sufi idondoke polepole huku darasa likiwa kimya. Waulize wanafunzi wamesikia nini. Watakujibu kwamba hawakusikia kitu. Na hapo nusu ya ubeti wa tatu wameshaielewa. Walio karibu na Kilimanjaro wanaweza kuitazama theluji kileleni, lakini wakumbushwe kwamba katika shairi hili theluji haiko mbali juu ya mlima. Inamwangukia mtu mabegani.

Kuhusu giza nako pana la kueleza. Mjini Dar es Salaam urefu wa mchana haupishani hata kwa saa moja mwaka mzima. Katika majimbo aliyoishi Frost, mnamo tarehe 21 au 22 Desemba mchana huwa wa saa tisa hivi tu, na zinazosalia ni za usiku. Kwa hiyo jioni iliyo na giza kuliko zote si maneno ya kutia chumvi. Ni tarehe ambayo mkulima wa huko anaijua. Na neno letu kipupwe lisitumiwe bila maelezo, maana kipupwe cha pwani hakigandishi ziwa.

5. Uzi wa kwanza: msitu, theluji na giza

Sasa tuufuate msitu. Ukiacha jina la shairi, msitu unatajwa mara nne: mara mbili katika ubeti wa kwanza, mara moja katika wa pili, na mara moja katika wa nne. Katika ubeti wa tatu hautajwi. Tutazame kila mara unatajwa kwa namna gani.

Katika ubeti wa kwanza msitu ni mali. Msafiri anaanza kwa kuwaza ni wa nani, na mwenyewe anakaa wapi. Katika ubeti wa pili msitu ni mahali: uko upande mmoja, ziwa upande wa pili, na msafiri yuko kati. Katika ubeti wa nne msitu si mali ya mtu tena, wala si alama ya njia. Ni mvuto: unasifiwa kwa uzuri wake, giza lake na kina chake. Mali, mahali, mvuto: hizo ndizo hatua tatu za motifu hii. Neno ni lile lile, miti ni ile ile, lakini mtu anayeitazama amesogea ndani zaidi, ingawa miguu yake haikutoka barabarani.

Baridi nayo inakwenda hivyo hivyo. Kwanza theluji inaujaza msitu. Kisha ziwa limeganda. Mwisho theluji ni chembe laini zinazobebwa na upepo. Angalia kwamba baada ya ugumu wa ziwa unakuja ulaini. Baridi ambayo ingemtisha msafiri imekuwa kitu cha kubembeleza. Hapo ndipo hatari ya shairi ilipo, na ndipo orodha yangu ya ubaoni ilipokosea. Kama theluji ingekuwa kifo tu, msafiri angeiogopa na kukimbia. Jambo gumu ni kwamba inapendeza.

Giza pia linabadilika. Linapotajwa mara ya kwanza ni habari ya kalenda: jioni yenye giza kuliko nyingine za mwaka. Mara ya pili limewekwa katikati, baina ya uzuri na kina, kana kwamba ni sifa mojawapo ya uzuri huo. Mwanafunzi asiyeliona giza hili la pili likiwa jirani wa uzuri atasema kuwa giza ni ubaya, kwa sababu ndivyo alivyozoea kusema.

6. Uzi wa pili: nyumba, kengele na ahadi

Dhidi ya uzi huo unakwenda uzi mwingine, nao ndio ambao wasomaji wengi huupita bila kuuona. Ni uzi wa watu.

Katika ubeti wa kwanza yuko mwenye msitu, na nyumba yake iko kijijini. Katika ubeti wa pili nyumba inatajwa, lakini kwa kutokuwapo: hapana nyumba ya mkulima karibu. Katika ubeti wa tatu hapana nyumba wala mtu. Iko kengele tu. Kengele hiyo ni kazi ya mikono ya watu. Katika nchi za theluji, farasi wa kukokota walifungwa kengele kwa kuwa gari la kuteleza halina mlio wa magurudumu, na wapita njia wangegongwa bila kulisikia likija. Kwa hiyo kengele ni sauti ya kijiji iliyofuatana na farasi mpaka msituni. Katika ubeti wa nne hata kengele hailii. Zimebaki ahadi.

Tuuone mpango huo: nyumba iliyoko, nyumba isiyokuwapo, kengele, ahadi. Nje, watu wanapungua ubeti kwa ubeti mpaka wanatoweka kabisa. Lakini ahadi ni nini, kama si watu waliomo ndani ya mtu? Hakuna anayeahidi bila kuwapo wa kuahidiwa. Pale ambapo hakuna macho ya kumwona wala sauti ya kumwita, msafiri bado anadaiwa. Wahenga wetu walilisema fupi: ahadi ni deni.

Farasi yuko kati ya nyuzi hizi mbili. Yeye hauoni uzuri wa msitu, wala hana ahadi kwa mtu. Anajua mazoea tu: husimamishwa penye nyumba. Swali lake ni la mnyama, nalo ni la maana kuliko lilivyoonekana, kwa maana linamfanya msafiri ajiulize amesimamia nini. Katika ubeti wa tatu sauti mbili zimewekwa pamoja: kengele ya watu, na pumzi ya upepo na theluji. Hakuna sauti ya tatu. Msafiri anazisikia zote mbili, na ubeti unaofuata ni hukumu baina yake: mshororo wa kwanza unausifu msitu, wa pili unaanza kwa "lakini" na kuzitaja ahadi. Nyuzi mbili zimekutana.

7. Vina, na mshororo unaorudi

Umbo la shairi linasaidia kazi ya motifu, na hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. Shairi hili lina beti nne, kila ubeti mishororo minne, na kila mshororo una mizani nane. Anayeujua utenzi wetu atajiona yuko nyumbani: mishororo minne, mizani nane.

Tofauti iko katika vina. Katika utenzi mishororo mitatu ya kwanza hushirikiana kina, na mshororo wa nne hushika kina kimoja tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Frost amefanya vingine. Mshororo wa kwanza, wa pili na wa nne una kina kimoja. Wa tatu una kina cha kigeni. Lakini mgeni huyo ndiye anayekuwa mwenyeji katika ubeti unaofuata. Hivyo kila ubeti unaukokota ule ulio mbele yake, kama pete za mnyororo. Msafiri amesimama, vina havisimami. Safari inaendelea katika sauti wakati miguu imetulia.

Inapofika ubeti wa nne, mishororo yote minne inachukua kina kimoja. Hapana kina cha kigeni, kwa kuwa hapana ubeti wa kuukokota. Na mshororo wa nne ni ule ule wa tatu, neno kwa neno.

Katika tarbia zetu zenye kibwagizo tumezoea mshororo kurudi mwishoni mwa kila ubeti, na kila unaporudi ubeti ulioutangulia unauongezea uzito. Frost ameungoja mwisho, akaurudia mara moja tu. Mara ya kwanza tunausikia kama habari: njia bado ni ndefu, na mtu hawezi kulala kabla hajaimaliza. Mara ya pili hatuwezi kuusikia hivyo hivyo, kwa sababu habari tulikwisha ipata. Sikio linauliza: kwa nini ameurudia? Hapo safari inaanza kupanuka ikawa maisha, na usingizi ukaweza kuwa ule usio na kuamka.

Kwa hiyo wahakiki waliosikia mnong'ono wa kifo mwishoni mwa shairi hawakubuni tu, ingawa Frost mwenyewe hakupendezwa na waliolifanya shairi lote kuwa habari ya kutamani kufa. Tofauti kati yao na mimi wa siku ile ni hii: maana hiyo, kama ipo, inapatikana katika mshororo wa mwisho baada ya kupita njia yote ya shairi. Mimi niliibandika mlangoni kabla wanafunzi hawajaingia.

8. Jinsi ya kufundisha

Katika andalio la somo kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, hatua zifuatazo zafaa kwa shairi lolote fupi, la kigeni au letu.

(a) Shairi lisomwe kwa sauti mara mbili kabla ya swali lolote kuulizwa. Sikio litangulie kalamu.

(b) Wanafunzi wataje mambo waliyoyaona au kuyasikia zaidi ya mara moja. Mwalimu ayaandike yote ubaoni bila kuyapa maana.

(c) Ubao ugawanywe safu kwa idadi ya beti. Kila jambo liandikwe katika safu ya ubeti linamotokea, na safu lisimotokea iachwe tupu. Nafasi tupu nayo ni ya kuulizwa, kama tulivyoona msitu unavyokosekana katika ubeti wa tatu.

(d) Kwa kila jambo liulizwe swali moja: liliporudi, lilikuwa lile lile? Nini kiliongezeka, nini kilipungua?

(e) Mwisho kabisa ndipo liulizwe swali la maana, na kila jibu lifuatwe na ombi hili: "Tuonyeshe ni wapi katika shairi." Jibu lisiloweza kuonyeshwa liheshimiwe, lakini lisiandikwe ubaoni.

Tuseme shairi la Kiswahili linaitaja mvua katika ubeti wa kwanza ikingojwa na mkulima, katika wa pili ikijaza mto, na katika wa tatu ikiwa imekatiza njia ya mgeni aliyetarajiwa. Mwalimu akiandika "mvua ni neema", amewanyima wanafunzi beti mbili.

9. Hitimisho

Mwalimu anayegawa maana tayari humwachia mtoto kazi ya kukumbuka. Anayemfundisha kufuata jambo linavyorudi humwachia kazi ya kufikiri, na kazi hiyo atakwenda nayo hata penye kitabu ambacho hana mwalimu wa kumfafanulia.

Kwa msichana wa dawati la nyuma, ningejibu hivi leo: anausifu msitu kwa sababu unapendeza kweli, na anazikumbuka ahadi kwa sababu uzuri huo ungeweza kumsahaulisha. Shairi haliko upande wa kimoja kati ya hivyo. Liko katika kusimama kwake baina ya viwili. Kisha ningemrudishia swali, maana aliuliza vizuri kuliko nilivyofundisha.

Mazoezi

1. Chora jedwali la safu nne kwa shairi lililojadiliwa, uzifuatilie motifu za sauti na ukimya. Ni ubeti upi wenye sauti nyingi zaidi, na kwa nini?

2. Chagua shairi moja la Kiswahili lenye kibwagizo. Eleza maana ya kibwagizo hicho katika ubeti wa kwanza na katika wa mwisho. Kimebadilika?

3. Shairi la Frost halisemi mahali popote kwamba msafiri aliondoka. Jadilianeni: je, aliondoka? Kila mmoja aonyeshe ushahidi wake.